Mfiwa Mwenye Nywele Ndefu

Dada yangu aliingia Tunduma akivuka mpaka kutokea Nakonde akiwa amebeba mbwa mgongoni, kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa ndefu kiasi kwamba lile la mwisho, kwa hesabu zangu, lilikuwa bado linapakiwa shaba huko Kongo. Wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma walimwonea huruma, jua lile na kichanga kimefunikwa gubigubi. Mmoja akafunua kitenge amsalimie mtoto, akakutana na ndevu.

Aliruka hatua tatu nyuma. Mwenzake, mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa akiuza mafuta ya kupikia, alisogea, akatazama vizuri, akatikisa kichwa.

"Hiyo si imbwa," akasema. "Hilo ni wigi, mmelitia miguu."

Mimi nilikuwa nimesimama pale kumpokea, na nilicheka mpaka nikashika nguzo ya taa. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka barabara kuu, na katika miaka yangu ya kazi nimeona vichwa vya kila aina, ila nywele kama zile sikuwahi kuziona kwa binadamu wala kwa mnyama. Zilianzia puani, zikapanda juu ya macho, zikamwagika mbavuni mpaka ardhini, nyeupe na kahawia. Chini yake palikuwa na mbwa mfupi mwenye pua iliyobonyea, kama mtu aliyetembea akagonga mlango wa kioo.

Dada alikuwa amefanya kazi za ndani Lusaka miaka kumi na mmoja, kwa mzee mmoja na mkewe. Watoto wao walipokuja kuwachukua kwenda kuishi nao ng'ambo, wazee waligawa vitu vyao. Jirani akapata friji. Mtunza bustani akapata baiskeli. Dada akapata mbwa.

"Ningepewa friji ningekuwa nimeshaiuza," aliniambia. "Huyu hauziki, mdogo wangu. Ananitazama."

Kabila lake, alisema, ni shitsu, asili yake Uchina, na zamani walifugwa na wafalme. Alikuwa na kitabu chake cha chanjo chenye mihuri mingi kuliko cheti changu cha kidato cha nne, ambacho nilikipata shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na miwili, nimeketi dawati moja na bibi mwenye wajukuu. Alikuwa pia na jina, refu na la Kizungu, lakini mama yetu hakuwahi kulitamka hata siku moja, na kwa kuwa habari hii ni ya mama pia, nitaliacha.

Dada alipanga chumba nyuma ya kibanda changu, akaanza kuuza vitenge. Jioni, nikifunga kazi, nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mbwa kalala chali mapajani, yeye anamchana. Nilidhani ni mchezo. Kumbe ilikuwa kazi ya kila siku, kama kukamua ng'ombe. Alianza kwa vidole, akitafuta mafundo nyuma ya masikio na kwapani. Fundo akilipata hakulivuta. Alilishika kwenye shina ili ngozi isiumie, akalifungua taratibu, ndipo akapitisha kitana.

"Nywele zake ni kama zako na zangu," aliniambia. "Si manyoya ya mbuzi. Hazikomi kuota. Ukimwacha wiki moja zinasokotana, zinamvuta ngozi, anaumwa, na wewe unadhani ana kiburi."

"Mwache awe mteja wangu," nikasema. "Nimpige panki."

"Thubutu."

Alimfuta macho asubuhi na jioni kwa pamba na maji ya uvuguvugu, kwa sababu nywele zilimchoma na yale macho yalikuwa makubwa yasiyo na mahali pa kujificha. Alimfungia nywele za utosini kwa mpira ili aone mbele. Hakumfunga kamba shingoni. Alimshonea mkanda wa kupita kifuani, akisema koo lake ni jembamba na pua ile ni fupi, hewa inaingia kwa taabu. Jua la saa saba hakutoka naye. Mifupa ya kuku hakumpa. Nilimwambia mimi mwenyewe, tangu nizaliwe, sijatunzwa hivyo, akanijibu nami sijawahi kumtazama mtu kama anavyotazama mbwa yule.

Kweli alikuwa anatazama. Mbwa wetu wa nyumbani Ibaba wanakutazama kama wanakudai mfupa. Huyu alikuwa akimtazama dada kama mtu anayesikiliza habari redioni. Dada akiinuka, anainuka. Dada akienda chooni, anakaa nje ya mlango. Hakuwa na kazi nyingine duniani, wala hakuisaka. Alibweka mara moja tu nikiwepo, na aliubwekea mwavuli.

Mwaka wa pili dada alianza kuvimba miguu. Tulisema ni kusimama sana sokoni. Halafu uso ukavimba, halafu tukaambiwa ni figo. Alilazwa wiki tatu. Kila nilipokwenda kumwona aliuliza kwanza habari za mbwa, ndipo akauliza zangu, nami kila mara nilimdanganya kwamba nimemchana. Nilimchana mara mbili, labda. Nilikuwa na wateja, nilikuwa na uji wa kupeleka hospitali, na mikono yangu imezoea mashine, haijazoea mafundo.

Siku moja akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa imepungua, pete inazunguka kidoleni.

"Najua humchani," alisema. "Ukishindwa, mpunguze kwa mkasi. Mashine usimguse nayo. Asinyolewe mpaka ngozi ionekane, na hasa ukimpeleka kwa mama, kwenye baridi ile. Zile nywele ndizo nyumba yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Nimesikia, dada. Hata wagonjwa wa wodi ya pili wamesikia."

Akacheka kidogo, akashikwa na kikohozi. Alifariki siku nne baadaye, mwisho wa mwezi wa tano.

Tulimsafirisha kupitia Mpemba hadi Isongole, kisha tukapanda milima kwenda nyumbani Ibaba. Mbwa nilimweka ndani ya koti langu kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Njia nzima hakutoa sauti.

Nyumbani kwetu mbwa ni wa nje. Kazi yake ni kufukuza ngedere kwenye mahindi, na akivuka kizingiti anapigwa ufagio. Mama yangu ndiye mwenye ufagio. Lakini siku ile alikuwa ameketi sakafuni kati ya wanawake, na huyu kijibwa akapita katikati ya miguu ya watu wote, akaenda kulala mbele ya mlango wa chumba tulichoweka begi la dada. Mama alimwona, na ufagio ulikuwa karibu, na hakuugusa.

Alilala pale siku ya maziko na siku zilizofuata. Watu waliingia na kutoka wakimruka. Nilimpelekea ugali, akageuza uso. Nikampelekea nyama ya msibani, akageuza uso. Nywele zake zilikuwa zimeshika matope, majani ya maharage, na vile vishona nguo vyote vya wilaya ya Ileje, mpaka ukashindwa kujua kichwa ni upande upi. Mama naye hakula. Alikunywa chai ya rangi tu, nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. Wanawake walimbembeleza, akasukuma sahani pembeni.

Sasa, kwetu msiba una watani. Watani wana ruhusa ya kusema lolote, hata kulala kaburini wakidai walipwe ndipo watoke. Mtani wetu mkuu ni bibi mmoja mwembamba, mwenye sauti inayoweza kufika Malawi bila kuvuka mto. Siku ya kumaliza msiba, sisi wafiwa tulipokuwa tunanyoa, yeye alisimama mlangoni akamwinamia mbwa.

"Na wewe mfiwa mchafu," akamwambia. "Wenzako wote wanang'oa nywele, wewe unazitunza ndevu hizo umwoe nani?"

Watu walicheka. Ndiyo kazi yake, watu wacheke, na walikuwa na wiki nzima hawajacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nje, chini ya mchongoma, na mashine yangu ya kuchaji, nimeshanyoa vichwa kumi na kimoja. Wengi siku hizi wanapunguza tu kidogo, lakini mama alitaka kipara kama walivyofanya wazee wake, na nilikuwa nimemaliza kumnyoa muda uleule. Hakucheka. Aliinuka, khanga begani, kichwa kinang'aa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amembeba mbwa. Sijawahi kumwona mama yangu akimbeba mbwa. Akaketi tena kwenye kigoda, akamweka mapajani.

"Mnyoe na huyu," akasema.

"Mama, huyu ni mbwa."

"Kwani nimesema ni nani? Umemwona anakula?"

"Sijamwona."

"Mimi je, umeniona nakula?"

Nikapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

"Basi. Tumefiwa wawili."

Mtani akaona utani wake umekuwa mzito, akasema, "Jamani, mimi nilikuwa natania." Mama akamjibu kwamba hata kama alitania, amesema kweli. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, aliulizwa kwa macho na watu wote. Alifikiri. "Nimepitia kichwani mwangu Agano la Kale na Jipya," akasema, "sijakuta katazo."

Nilisimama na mashine mkononi. Maneno ya dada yalikuwa mdomoni kabisa, nayasikia ladha yake. Ningesema tu: mama, alinikataza. Lakini ingebidi nitamke maneno ya marehemu mbele ya mama yake, aliyenyolewa dakika tano zilizopita, na yeye angeuliza ni lini alisema, na alisemaje, na alikuwa na hali gani akisema, na mimi sikuwa na kifua cha kuyajibu hayo. Tena mafundo yalikuwa mabaya kweli. Hilo nilijiambia. Niliwaambia hata watu. Nilitoa somo zima la Baiolojia ya shule ya jioni, kwamba shina la nywele liko ndani ya ngozi, na ukinyoa ndiyo unaliamsha, na wiki mbili haziishi zitakuwa zimerudi nene kuliko mwanzo. Watu wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Kitabu kilisema nywele huota polepole sana. Nilikisoma mimi mwenyewe, nikajibu swali lake, nikapata.

Nikawasha mashine.

Hakupigana. Nywele zilitoka vipande vizito kama mkeka uliooza, na chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, ina vidonda vidogo pale mafundo yalipokuwa yakivuta. Nilipomaliza, watu walisogea kutazama. Mapajani mwa mama palikuwa na kitu kidogo kama sungura, mbavu zinahesabika, miguu kama vijiti vya mshikaki. Miaka miwili tulikuwa tunaheshimu nywele. Mtani aliziba mdomo kwa khanga. Mama alimtazama, akapitisha kiganja mgongoni mwake mara moja, akasema, "Kumbe alikuwa amekonda hivi, na sisi tunapita."

Mbwa akajikung'uta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akashuka, akaenda kwenye sahani iliyokuwa imewekwa karibu na mama na ambayo mama hakuigusa, akaanza kula ugali na maharage. Alikula wote. Mama akaagiza mwingine. Ulipokuja, alimega tonge, akampa yeye, akamega la pili, akatia mdomoni mwake mwenyewe. Wanawake wakageuka pembeni wakijifuta. Mtani akarudi kazini mwake hapohapo: akadai jogoo, kwa kuwa kaponya wagonjwa wawili kwa neno moja.

Nilirudi Tunduma peke yangu. Mama alisema aachiwe mbwa, na sikuwa na sababu ya kukataa, kwani alikuwa anakula mkononi mwake tu. Kibandani niliwasimulia wateja. Kwa siku kadhaa, katika simulizi yangu, mbwa alikula sahani mbili, wiki ya pili alikula sufuria, na mwezi ulipokaribia kuisha alikuwa amekula debe zima, na mwenyekiti wa kijiji ameandika barua ya pongezi. Wateja walicheka, mimi nikacheka, na nikaweza kulala.

Mama alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Hakumwita mbwa. Alimwita mwenzangu. Mwenzangu amelala jikoni. Mwenzangu anaogopa bata. Alikuwa amekata mkono wa sweta la dada, akautoboa matundu mawili ya miguu, akamvalisha. Asubuhi walikwenda wote shambani kutazama maharage. Nilitaka kumwambia asimtoe nje penye ukungu. Nikafikiri, nikimwambia hilo, nitaeleza nimelijuaje. Nikamwambia, "Mfunike vizuri, mama," akasema, "Kwani mimi simfuniki?"

Mwezi wa sita Ibaba si wa kuchezea. Sitaongeza chumvi: asubuhi majani yanakuwa meupe, na ukikanyaga yanalia. Mbwa wetu wa nje wanajikunja kwenye majivu. Huyu alikuwa na urefu wa shibiri moja kutoka ardhini, tumbo linaburura umande njia nzima, na sweta likishalowa linabaki kuwa kitambaa cha baridi alichovalishwa. Nywele zake zilikuwa zimeota kiasi cha kucha.

Simu ilikuja Jumatano, siyo Jumapili.

"Mwenzangu anakohoa," mama akasema. "Kama mzee mvuta tumbaku. Tangu jana hajala."

Nilifunga kibanda. Isongole nilimtafuta afisa mifugo, nikambembeleza apande bodaboda pamoja nami. Alikuwa mtu mpole, mikono mikubwa ya kuzalisha ng'ombe. Mama alikuwa jikoni, mbwa kamfunika kwa blanketi lake la kanisani. Afisa alipiga magoti, akamfunua.

"Niseme ukweli," akasema. "Mimi nimesomea ng'ombe, nguruwe na kuku. Huyu wa aina hii simjui. Ila mapafu ni mapafu." Akaweka sikio kifuani. Akamshika mgongo, akanyanyua macho. "Nani amemnyoa?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa amefiwa," mama akajibu.

Afisa akamtazama mama, akatazama kichwa chake, akaelewa, au alifanya adabu ya kuelewa. Hakuuliza tena. Alimchoma sindano, akaacha dawa ya siku tano, akasema akae pakavu, penye moto usio na moshi, kwa kuwa pua ile haiwezi kuvuta moshi na ugonjwa kwa pamoja. Nikimsindikiza kwenye pikipiki aliniambia, kwa sauti ya chini, "Mwezi wa sita, ndugu yangu. Huku juu." Basi. Angenitukana ningeshukuru.

Tulimtoa jikoni, tukamweka chumba cha dada na jiko la mkaa lililokwisha kuwaka vizuri nje. Mama alimpa dawa kwa kijiko, mimi nikamfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, bila kukosa, kama nilivyoambiwa. Siku ya pili alikunywa mchuzi. Siku ya tatu, jua lilipotoka, mama alimchukua akaketi naye barazani. Nilikuwa napasua kuni. Nilimsikia mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo." Nilipofika, mbwa alikuwa bado anamtazama mama, macho yake makubwa yako wazi, lakini kifua kimetulia.

Nilichimba nyuma ya jiko, mahali ambapo jua huanza kupiga. Mama alimzika na lile sweta.

Mchana tulikaa tukichambua maharage. Mama aliokota kokoto moja, akaitupa, akauliza bila kuinua kichwa:

"Dada yako alikuwa anamnyoa?"

Mimi ni mtu ambaye naweza kukueleza uongo wa saa nzima ukanilipa na soda juu. Nilikaa pale na ungo mapajani, sina hata mmoja.

"Hapana, mama. Alinikataza. Hospitalini. Alinikataza kwa mdomo wake, akanirudisha niseme nimesikia."

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Ulisimama sana na ile mashine," akasema. "Nikajua una neno. Ningekuuliza, ungesema. Sikuuliza."

"Nilipaswa kusema mwenyewe."

"Ulipaswa." Akatupa punje iliyooza. "Nilitaka tuwe wawili, baba. Watu wote mlinyoa, kisha mkaondoka na vichwa vyenu."

Tulimaliza ungo ule, tukaanza mwingine.

Kesho yake, kabla sijaondoka, aliniomba nimsawazishie nywele. Zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe kuliko za zamani, zimetangulia juu na kuchelewa nyuma ya masikio. Nikamwambia mashine nimeiacha Tunduma. Akasema kuna mkasi wa kukatia nguo. Akaketi barazani kwenye jua, akajifunga khanga shingoni, nami nikakata kidogo kidogo, nikipuliza.

"Nyuma usipunguze sana," akasema. "Baridi bado ipo."

Nikaacha kama zilivyo.